Utatuzi wa matatizo ya safu ya diski kwa kusoma kumbukumbu za matukio

Taa ya diski inapowaka rangi ya chungwa, au barua pepe ya mdadm (programu ya Linux ya kusimamia safu za diski) inapofika ikiwa na maneno "Fail event", msimamizi wa seva huwa amejulishwa jambo moja tu, nalo ni diski ipi iliyoondolewa katika safu (RAID), yaani kundi la diski zinazofanya kazi kama moja. Hajajulishwa kwa nini. Sababu imeandikwa katika kumbukumbu za matukio, ambazo mafundi wengi huziita logi, na mara nyingi iliandikwa saa kadhaa au hata wiki kadhaa kabla ya taa kuwaka. Diski iliyotajwa mwishoni inaweza kuwa mbovu kweli, lakini inaweza pia kuwa haina kasoro yoyote, ila imeunganishwa kwa kebo iliyolegea, au imechelewa kujibu kwa sababu muda wa kusubiri umepangwa vibaya. Anayeichomoa na kuitupa kabla ya kusoma huenda akaondoa nakala nzuri ya data na kuiacha hitilafu palepale ilipokuwa.

Mwongozo huu unahusu seva za Linux za aina mbili: zile ambazo safu yake inasimamiwa na kerneli yenyewe (kiini cha Linux) kupitia mdadm, na zile zenye kidhibiti (kadi maalumu inayosimamia diski) cha jamii ya MegaRAID, ambacho kwenye seva za Dell huitwa PERC. Amri zinatofautiana, lakini njia ya kufikiri ni ileile: kutafuta tukio la kwanza lisilo la kawaida, si lile la mwisho lililopiga kelele.

Kabla ya kugusa chochote

Toa logi nje ya mashine hiyo kwanza. Logi ya kerneli na ile ya kidhibiti zote zina nafasi yenye kikomo. Nafasi hiyo ikijaa, matukio ya zamani hufutwa ili mapya yaandikwe, na safu inayougua huweza kuandika matukio kwa maelfu, kiasi kwamba tukio la mwanzo, ambalo ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote, ndilo linalopotea mapema. Ikiwa saraka ya /var/log imo ndani ya safu hiyohiyo, kuna hatari nyingine: mfumo wa faili ukishageuzwa kuwa wa kusoma tu, hakuna kitakachoandikwa tena. Chomeka flashi, au tuma kwa mtandao kwenda seva nyingine, kisha uhifadhi matokeo ya journalctl -k -b 0 na journalctl -k -b -1, maudhui ya /proc/mdstat, mdadm --detail ya safu, mdadm --examine ya kila diski mwanachama, na smartctl -x ya kila diski, yaani ripoti ya SMART ambayo diski huitoa kuhusu afya yake. Kwa MegaRAID, ongeza storcli64 /c0 show events file=matukio.txt pamoja na storcli64 /c0/eall/sall show all. Kwenye PERC amri ni zilezile, isipokuwa programu inaitwa perccli64.

Usizime na kuwasha mashine kabla ya kufanya hivyo. Katika mpangilio wa kawaida wa journald (huduma ya Linux inayotunza logi), kama saraka ya /var/log/journal haipo, kumbukumbu zote hukaa kwenye RAM na hupotea pindi mashine inapozimwa. Nawasihi wasimamizi waiunde saraka hiyo leo, wakati seva zao bado ni nzima, kwa sababu siku ya tatizo huwa imeshachelewa.

Jambo la pili ni saa, na hili linastahili uangalifu zaidi kuliko linavyopewa. Mtumiaji atakwambia kwamba mfumo uligoma saa nne na robo usiku. Kwa logi ya seva iliyopangwa kwa saa za Afrika Mashariki, hiyo ni 22:15. Kwa logi inayoandikwa kwa UTC, ni 19:15. Na kwa saa ya kidhibiti ambayo haijawahi kurekebishwa, inaweza kuwa wakati wowote ule. Isitoshe, matukio ambayo MegaRAID huyaandika mwanzoni mwa kuwaka, kabla dereva ya Linux haijaipa saa, hayana tarehe kabisa, bali huonyesha idadi ya sekunde tangu kidhibiti kilipoanza. Kabla ya kulinganisha logi mbili, tafuta tukio moja linaloonekana katika zote mbili, kwa mfano kuondolewa kwa diski, upime tofauti ya saa kati yake, kisha uitumie tofauti hiyo kwa matukio mengine yote. Bila kufanya hivyo, ni rahisi mno kudhani kwamba diski iliharibika kabla ya umeme kukatika, kumbe iliharibika baada yake.

Dalili: diski moja imeondolewa, safu inaendelea bila kinga

Hii ndiyo dalili inayoonekana zaidi, na ina visababishi vitatu vikubwa ambavyo logi huvitenganisha vizuri kabisa.

Cha kwanza ni uchakavu wa uso wa diski. Kwenye diski za SATA, kerneli huandika kwamba amri ya kusoma imeshindwa, "failed command: READ FPDMA QUEUED", na katika mstari wa kosa huonekana herufi UNC, yaani diski imejaribu kuisoma sekta (kipande kidogo cha diski) na imekiri kwamba haiwezi. Mistari michache baadaye hufuata "Sense Key : Medium Error" na "Add. Sense: Unrecovered read error", kisha namba ya sekta. Ithibitishe kwa smartctl: sifa namba 5 huhesabu sekta zilizokwisha kuhamishwa, namba 197 huhesabu zinazosubiri kuamuliwa, na namba 198 zile zilizoshindikana kusomwa wakati wa majaribio. Kwenye diski za SAS (aina inayotumika zaidi kwenye seva) sifa hizo hazipo. Badala yake angalia mstari wa "Elements in grown defect list" na jedwali la makosa ya kusoma na kuandika. Kama namba hizi si sifuri na zinaongezeka kila zinaposomwa, diski hiyo ni ya kubadilishwa, na hakuna kebo itakayoiponya.

Hata hivyo, Medium Error moja haitoshi kuiondoa diski katika safu ya mdadm. Kerneli inapokutana na sekta isiyosomeka, huikokotoa data yake kutoka kwenye diski nyingine na kuiandika upya palepale, halafu huacha ujumbe wa "read error corrected" wenye jina la diski na namba ya sekta. Ujumbe huu ndio ninaowaomba wasomaji wautafute katika logi za miezi iliyopita, kwa sababu hautumwi kwa barua pepe na hauwashi taa yoyote. Diski iliyokuwa ikisahihishwa mara moja kwa mwezi, kisha mara moja kwa wiki, kisha kila siku, ilikuwa imeshatoa taarifa zake zote kabla haijaondolewa. Inayoiondoa diski kwa kawaida ni kushindwa kuandika, na hapo ndipo huonekana maneno "Disk failure on sdc1, disabling device".

Kisababishi cha pili ni njia ya mawasiliano: kebo, tundu la kuchomekea, ubao wa nyuma, au milango ya kidhibiti. Hapa herufi hubadilika. Badala ya UNC utaona ICRC (data imeharibika njiani) pamoja na ABRT (amri imekatizwa), na katika mstari wa SError yatatokea maneno kama BadCRC na 10B8B. Kisha kerneli huandika "hard resetting link", na kosa likijirudia hupunguza kasi yenyewe kwa kuandika "limiting SATA link speed to 3.0 Gbps". Mstari huu wa mwisho ni ushahidi mzito: diski yenye uso mbovu kwa kawaida haina sababu ya kupunguziwa kasi ya kebo. Kwenye SMART, tazama sifa namba 199, inayohesabu makosa ya CRC kati ya diski na kidhibiti. Hesabu hii kwa kawaida hairudi sifuri hata kebo ikibadilishwa, kwa hiyo thamani yake peke yake haisemi mengi. Andika thamani ya leo, badilisha kebo au tundu, kisha uisome tena baada ya siku mbili tatu za kazi nzito. Ikiwa imesimama, tatizo limekwisha. Kwa SAS, hesabu za namna hii hupatikana chini ya /sys/class/sas_phy, katika faili kama invalid_dword_count na loss_of_dword_sync_count, na faida yake ni kwamba kila mlango una hesabu zake, hivyo mlango mgonjwa hujitenga wenyewe.

Kisababishi cha tatu ndicho kinachowapoteza mafundi wengi, nacho ni mgongano wa subira. Diski za mezani, zisizokusudiwa safu, zikikutana na sekta ngumu huendelea kujaribu kuisoma kwa muda mrefu, hata dakika mbili au zaidi, huku zikiwa kimya kabisa. Kerneli, kwa upande wake, husubiri jibu kwa sekunde 30 tu. Muda huo ukiisha, huiona diski kuwa imekufa, huiweka upya, na diski ambayo bado imezama katika majaribio yake haijibu. Jaribio la kuiandikia ile sekta hushindwa, na diski nzima huondolewa kwa ajili ya sekta moja. Alama yake katika logi ni amri iliyoshindwa kwa sababu ya "timeout" bila UNC wala ICRC, na pengo la takriban nusu dakika kati ya mstari unaotangulia na unaofuata. Uliza diski kwa smartctl -l scterc. Kama inaukubali mpangilio huo, amri ya smartctl -l scterc,70,70 huiagiza ikate tamaa baada ya sekunde 7, na amri hiyo irudiwe kila mashine inapowaka, kwa kuwa diski nyingi huisahau umeme ukizimwa. Kama haiukubali, ongeza subira ya kerneli kwa kuandika 180 katika faili ya timeout iliyo chini ya /sys/block/sdc/device. Moja ya hatua hizi mbili ni lazima. Safu iliyoachwa bila yoyote itaendelea kupoteza diski zisizostahili kutupwa.

Jambo hilohilo kwenye MegaRAID

Kidhibiti hiki kina lugha yake. Kila tukio lina daraja: -1 ni la maendeleo ya kazi, 0 ni la taarifa tu, 1 ni onyo, 2 ni la hatari, na 3 ni la maafa. Kishawishi cha kuchuja logi ili yabaki madaraja ya 1 na kuendelea ni kikubwa, nami nashauri kwa nguvu zote usifanye hivyo, kwa sababu matukio ya "Unexpected sense", ambayo ndiyo hasa yanayobeba ushahidi, huandikwa kwa daraja la 0. Yakichujwa, inabaki hukumu bila mashahidi.

Kila tukio la namna hiyo lina sehemu mbili za kusoma. Ya kwanza ni CDB, yaani amri iliyotumwa kwa diski: ikianza na 28 ilikuwa ni kusoma, ikianza na 2a ilikuwa ni kuandika. Ya pili ni Sense, iliyoandikwa kwa namba tatu zilizotenganishwa kwa mkwaju. 3/11/00 ni sekta isiyosomeka, yaani uso wa diski. Zinazoanza na 4 ni hitilafu ya vifaa ndani ya diski yenyewe, na diski ya namna hiyo nisingeiamini hata siku moja zaidi. Zinazoanza na b ni amri zilizokatizwa njiani, na b/47 hasa huelekeza kwenye makosa ya CRC, kwa hiyo anza na kebo na ubao wa nyuma. Namba ya kati ikiwa 5d, diski imetabiri kufa kwake yenyewe. 6/29/00 husema tu kwamba diski imewekwa upya au imewashwa. Ikionekana wakati wa kuwasha seva ni ya kawaida, lakini ikionekana katikati ya siku bila mtu kugusa chochote, chunguza umeme unaoifikia diski hiyo. Zinazoanza na 5 nyingi hazina madhara, kwani maana yake ni kwamba kidhibiti au programu fulani imeomba kitu ambacho diski haikifahamu.

Kisha linganisha hesabu tatu katika maelezo ya kila diski: "Media Error Count", "Other Error Count" na "Predictive Failure Count". Diski yenye makosa mengi ya aina ya kwanza ni mbovu. Diski isiyo na kosa hata moja la aina ya kwanza lakini yenye mamia ya aina ya pili kwa kawaida imekaa mahali pabovu.

Dalili: diski mbili au zaidi zimeondoka kwa pamoja

Angalia saa kwanza. Diski mbili zilizoondoka ndani ya sekunde chache haziwi, isipokuwa kwa nadra, zimechakaa kwa bahati wakati mmoja. Zina kitu kimoja kinachoziunganisha. Chora mpangilio wa seva: diski ipi iko kwenye kebo ipi, kebo ipi inaingia mlango upi, na umeme wa kila kundi unatoka wapi. Ikiwa zilizoondoka ni tundu la 4 hadi la 7 na zote zinapita kwenye kebo moja, jibu limeshapatikana.

Ipo hali moja ambapo diski nyingi hufa kwa pamoja bila kuwa na kebo ya pamoja, nayo ni kasoro katika programu ya ndani ya diski zenyewe. Mwezi Novemba 2019 kampuni ya HPE ilitangaza kwamba baadhi ya diski zake za SSD za SAS zingekufa, pamoja na data yake, zikifikisha saa 32,768 za kuwashwa, sawa na miaka 3, siku 270 na saa 8, isipokuwa programu yake ya ndani ibadilishwe kabla. Mwaka 2020 ikatoa onyo jingine kuhusu diski nyingine zenye kikomo cha saa 40,000. Diski zilizonunuliwa siku moja na kuwashwa siku moja hufikia kikomo cha namna hiyo siku moja, na safu haina kinga yoyote dhidi ya jambo hilo. Kwa sababu hiyo, kila diski nyingi za SSD zinapoondoka pamoja, soma saa za kuwashwa katika ripoti ya SMART ya zile zilizobaki kabla ya kufikiria jambo jingine lolote.

Baada ya kurekebisha kebo au umeme, safu ya mdadm inaweza kukataa kuunganika, na logi itasema "kicking non-fresh sdd1 from array". Maana yake ni kwamba hesabu ya matukio iliyoandikwa katika diski hiyo imebaki nyuma. Isome kwa mdadm --examine, mstari wa "Events", diski baada ya diski. Tuchukue mfano wa safu ya RAID 6, aina inayostahimili kupotea kwa diski mbili, yenye diski sita: nne zinaonyesha 48213, moja 48209, na moja 31077. Ile ya 48209 iliachwa nyuma kwa matukio manne tu, kwa hiyo data yake ni ileile isipokuwa labda sehemu ndogo iliyokuwa ikiandikwa dakika hiyo. Ile ya 31077 iliondoka zamani, bila mtu kutambua, na safu ilikuwa inaishi na diski tano kwa muda wote huo. Hii ya pili isiingizwe katika kuunganisha kwa nguvu, kwa kuwa imebeba data ya zamani. Ilinganishe pia na mstari wa "Update Time", ambao utakupa tarehe kamili ya kurudi nayo kwenye logi.

Kwa diski zenye hesabu zinazokaribiana, mdadm --assemble --force ndiyo njia sahihi, na ni bora zaidi ifanyiwe kwanza majaribio juu ya tabaka la muda la dmsetup ili diski zenyewe zisiandikwe. Usitumie mdadm --create kwa kudhani kwamba itairudisha safu kama ilivyokuwa. Amri hiyo huandika maelezo mapya juu ya yale ya zamani, na matoleo tofauti ya mdadm huanzisha data mahali tofauti ndani ya diski, hivyo mpangilio wa diski ukikosewa, au toleo likitofautiana, kinachofuata ni ukarabati wa pariti (data ya ziada ya kukokotolea kilichopotea) unaoharibu kilichokuwa kizima.

Kwenye MegaRAID, hali inayolingana na hii ni ile ambayo diski zilizorudi huonekana kama "Foreign". Kabla ya kuingiza mpangilio huo wa kigeni, hakikisha kwenye logi ni diski ipi iliyoondoka kwanza. Ile iliyoondoka mwisho ndiyo yenye data mpya, na hiyo ndiyo irudishwe kwanza. Iliyotangulia kuondoka ijengwe upya kutokana na zilizobaki.

Dalili: kujenga upya kunakwama njiani

Diski mpya imechomekwa, asilimia inapanda, halafu kazi inasimama na safu inaanguka. Mara nyingi diski mpya haina hatia. Katika RAID 5 iliyokwisha kupoteza diski moja, kila sekta ya diski zilizobaki lazima isomeke, na sekta moja iliyoharibika kimyakimya miezi sita iliyopita katika kona ya faili isiyofunguliwa ndiyo inayokutwa sasa. Logi ya kerneli itasema "read error not correctable", na jina litakalotajwa ni la diski ya zamani. Watengenezaji wa diski za mezani nyingi hutaja kiwango cha kosa moja lisilosomeka kwa kila biti 10^14, ambazo ni takriban terabaiti 12.5, diski nyingi za seva hutajwa kwa 10^15. Diski halisi mara nyingi hufanya vizuri kuliko hapo, lakini ukubwa wa safu za sasa unatosha kuonyesha kwa nini RAID 5 ya diski kubwa nisingeipendekeza kwa data yenye thamani.

Katika hali hii usirudie kujenga upya mara kwa mara, kwa kuwa kila jaribio linaichosha diski ambayo tayari inakufa. Nakili diski ya zamani kwenda diski nzima kwa ddrescue, kisha uunganishe safu kwa kutumia nakala. Utapoteza sekta chache badala ya kupoteza safu. MegaRAID huchukua njia nyingine: hukamilisha ujenzi na kuitia alama sehemu iliyokosekana, ikiandika "Puncturing bad block". Safu itaonekana nzima, taa zitakuwa za kijani, lakini sehemu hiyo itarudisha kosa kila inaposomwa, hata baada ya diski zote kubadilishwa. Ukiona maneno hayo, dawa ni kurejesha data kutoka katika nakala rudufu na kuunda safu upya.

Kinga ya tatizo hili ni ukaguzi wa mara kwa mara. Debian huja na kazi ya kukagua safu zote Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, na MegaRAID ina doria yake ya kusoma diski zote. Thibitisha kwenye logi kwamba kazi hizi huanza na humalizika kweli. Seva inayozimwa kila mwisho wa wiki ili kuokoa umeme huenda haijawahi kukaguliwa hata mara moja.

Kama inayoondolewa ni ile diski mpya yenyewe, soma namba yake kamili ya modeli. Mwezi Aprili 2020 Western Digital ilithibitisha kwamba baadhi ya diski za WD Red za kati ya terabaiti 2 na 6, zenye herufi EFAX, zinatumia uandishi wa njia zinazopandana, yaani SMR. Diski za SMR hupunguza kasi mno zinapoandikwa mfululizo kwa muda mrefu, na kujenga upya ni kazi ya namna hiyohiyo. Logi yake hujaa makosa ya kuchelewa wakati SMART inaonyesha afya njema.

Dalili: safu ni nzima lakini imekuwa nzito

Kwenye MegaRAID, anza na betri. Tafuta maneno "BBU disabled; changing WB", au matukio ya "Battery relearn". Betri ikiwa dhaifu au ikiwa katika mzunguko wa kujipima, kidhibiti huacha kutumia kashe yake (kumbukumbu ya haraka ya muda) kwa kuandika, na kila andiko husubiri hadi lifike kwenye diski. Hifadhidata yenye maandiko madogo mengi itaisikia tofauti hiyo mara moja. Ikiwa uzito huanza siku na saa zinazojirudia kwa vipindi sawa, linganisha na ratiba ya kujipima, ya doria, au ya ukaguzi wa safu.

Kisababishi kingine ni diski moja inayosuasua bila kutoa kosa. Amri ya iostat -x itaionyesha ikiwa na muda wa kusubiri mkubwa kuliko wenzake mara kadhaa, na katika RAID 5 au 6 wenzake wote humsubiri. Hapa logi huweza kuwa kimya, lakini kimya hicho ni taarifa pia: diski inajaribu tena na tena ndani yake na bado inafanikiwa. Angalia jedwali la makosa yaliyosahihishwa, na uiondoe kwa ratiba, mchana, diski ya akiba ikiwa tayari.

Dalili: baada ya umeme kukatika

Ujumbe wa "not clean -- starting background reconstruction" si wa kuogofya. Safu ilizimika katikati ya kuandika na inasawazisha pariti yake. Iache imalize. Wenye uzito ni huu: "cannot start dirty degraded array". Maana yake ni kwamba umeme ulikatika wakati safu tayari ilikuwa imepungukiwa na diski, na kerneli haiwezi kuapa kwamba pariti inalingana na data. Inawezekana kuilazimisha, lakini fanya hivyo baada ya kulinganisha "Events", na mara baada ya kuunganika kagua mfumo wa faili bila kuandika, kwa fsck -n, kabla ya kuiruhusu hifadhidata kuanza. Jambo la kuuliza baadaye ni kwa nini safu ilikuwa imepungukiwa bila mtu kujua. Katika logi utaikuta tarehe, na katika faili ya mdadm.conf huenda ukakuta mstari wa MAILADDR umeelekezwa kwa mtu aliyekwisha kuacha kazi.

Dalili: faili mbovu, logi safi

Faili zinafunguka zikiwa na takataka, na hakuna diski iliyolalamika. Andika check katika faili ya sync_action iliyo chini ya /sys/block/md0/md, subiri imalize, kisha usome mismatch_cnt. Kwenye RAID 1 au 10 yenye eneo la swap, namba ndogo isiyo sifuri inaweza kutokea bila madhara; kwenye RAID 5 na 6 haikubaliki. Usikimbilie repair, kwa sababu amri hiyo huifanya pariti ifuate data, hata kama data ndiyo iliyoharibika. Tafuta kwanza katika logi ya kerneli matukio ya EDAC, yanayohusu makosa ya RAM, kwa kuwa RAM mbovu huharibu data kabla haijafika kwenye diski yoyote, na safu huihifadhi kwa uaminifu ikiwa imeshaharibika. Jaribu moduli za RAM moja baada ya nyingine kwa memtest86+, na hadi zipite, usiandike chochote kipya katika safu hiyo wala usiifute nakala rudufu ya zamani iliyopo.